Tezi Yangu Haijasikilizwa

Ndugu Mkuu wa Maabara,

YAH: KUSHITAKIWA KWA TEZI YANGU YA SHINGONI BILA KUSIKILIZWA

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Natumai umeamka salama, na kwamba vipimo vyako mwenyewe vyote viko panapotakiwa.

Mimi ni mkataji wa miche katika kiwanda cha sabuni, na huu ni mwaka wa kumi na tisa nikiwa katibu wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani. Wenzangu wananiita Kanuni, kwa sababu kitabu cha kanuni hakinitoki mfukoni. Nakueleza haya ili ujue kuwa anayekuandikia si mtu wa kulalamika ovyo. Mimi hulalamika kwa utaratibu.

Chanzo ni kikao cha mwezi uliopita. Tulikwenda kwa meneja kudai feni za chumba cha kuchemshia, ambako wenzetu wanaiva pamoja na sabuni yenyewe. Msemaji nilikuwa mimi. Niliingia nimevaa sweta mbili, maana siku hizi baridi imenihamia mifupani, nikasimama mbele ya meneja kueleza habari za joto kali. Kabla ya hoja ya tatu nilikaa kidogo nivute pumzi, nikalala fofofo mbele ya uongozi mzima. Feni tukazikosa. Kikao kingine ni baada ya miezi miwili, na wenzangu wameanza kunong'ona kwamba safari hii aende mtu mwingine. Ndugu Mkuu, iliniuma mpaka nikashindwa kula.

Mke wangu, fundi cherehani, ambaye mwaka huu ameshazipanua suruali zangu mara mbili, ndiye aliyenikokota kuja kwenu. Akapima na yeye ili kunitia moyo. Daktari alipojua nafanya kazi kiwandani, akanifafanulia majibu kwa mfano. Chini ya ubongo, alisema, kuna bosi mdogo. Shingoni kuna tezi, ndiye mfanyakazi, anayetengeneza homoni ya kuupa mwili joto na nguvu. Homoni hiyo mnaiita T4. Bosi akiona mzigo hautoki, hupaza sauti, na sauti hiyo ndiyo TSH. Kwa hiyo TSH ikipanda, ujue tezi imelegea. Hapo ndipo daktari alipoharibu, maana mfano huo alikuwa anampa katibu wa chama. Malalamiko yangu ni haya:

1. TSH yangu mmeiandika 14.8 na mshale wa kupanda. T4 mmeiandika 7, pungufu ya 12 inayotakiwa, na mshale wa kushuka. Maana yake mmepima kelele za bosi, mkazifanya ushahidi dhidi ya mfanyakazi. Kiwandani kwetu, kama msimamizi angepewa haki kwa wingi wa kelele zake, wote tungeshafukuzwa zamani.

2. Karatasi inasema TSH inatakiwa iwe kati ya 0.4 na 4.0. Kiwango hicho kilipitishwa na kikao gani? Mwakilishi wa tezi alikuwepo? Naomba muhtasari. Mke wangu amepata 2.1, na tangu siku hiyo hakukaliki nyumbani. Karatasi yake ameibandika kando ya kioo cha wateja, na kila anayekuja kujaribu gauni lazima asomewe.

3. Tezi yangu ina miaka hamsini na moja kazini. Haijawahi kwenda likizo. Hata mimi nikilala, yenyewe iko zamu. Kosa la kwanza tu, mshale.

4. Mtuhumiwa anakaa shingoni, nyinyi mkatoa damu mkononi. Huko ni kwenda kumhoji mlinzi wa getini kuhusu mambo yanayotokea kwenye mashine. Dada aliyenidunga sindano nilimweleza hivyo kwa upole. Akanijibu, "Baba, kunja ngumi," akaendelea na kazi yake.

5. Hili ndilo lililonichefua. Kuna kipimo cha tatu, cha kingamwili, ambacho daktari alikisoma harakaharaka. Nikambana. Akakiri kwamba askari wa mwili wangu mwenyewe, wanaopaswa kupambana na maradhi, wamekuwa wakiishambulia tezi hiyo, pengine kwa miaka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mlinzi wa kampuni anampiga mfanyakazi kila siku, halafu anayeandikiwa kuwa yuko chini ni aliyepigwa! Katika miaka yangu yote ya uongozi sijaona uonevu wa namna hii.

6. Baada ya hayo yote, badala ya suluhu, nimepewa kidonge. Kidonge hicho kina homoni ileile inayotengenezwa na tezi. Ndugu Mkuu, tusizungushane: tezi imegoma, na mwenye mali ameleta kibarua kutoka nje ili kuvunja mgomo. Tena kibarua mwenye kiburi. Anataka aingie alfajiri, tumbo likiwa tupu, na chai imsubiri nusu saa nzima. Daktari anasema huenda akawa wa maisha. Mimi nilisubiri miaka mitatu kupata ajira ya kudumu, yeye kaipata bila usaili.

Kwa sababu hizo nimekataa kumeza. Vidonge viko kabatini, havijafunguliwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nadai mishale yote miwili ifutwe, bosi ashushe sauti mpaka 4 kabla ya mazungumzo yoyote, askari wale wasimamishwe kazi, na tezi iitwe ijieleze mbele ya mwakilishi wake, ambaye ni mimi. Nisipojibiwa ndani ya siku kumi na nne nitawaomba figo na ini wagome kwa kuunga mkono.

Wasalimie wote hapo maabara, dada wa sindano, mzee wa mapokezi aliyeniamsha mara mbili kwenye benchi, na daktari wangu pia, sina kinyongo naye.

Wako katika kutetea haki,

Kanuni,
Katibu

Nyongeza: Barua hii niliisinzilia kabla ya kuifunga, na mke wangu akaisoma. Hakunibishia. Alikwenda kwenye sanduku la mafaili yangu, akatoa moja la miaka sita nyuma na kuliweka juu ya cherehani. Ni faili la mchemshaji wetu mmoja aliyeungua mikono kwa mvuke, na meneja akamwandika kuwa ni mvivu aliyegoma. Ndani kuna barua yangu. Mwandiko ni wangu, sahihi ni yangu: "Mgonjwa hagomi. Apewe mtu wa kumshikia zamu, na asiaibishwe." Mke wangu akauliza kitu kimoja tu, huyu wa shingoni kakukosea nini. Nilikaa pale nikalia, Ndugu Mkuu, mtu mzima, na sweta zangu mbili.

Basi kidonge nimekimeza leo alfajiri. Chai imesubiri nusu saa. Tafadhali kila palipoandikwa kibarua pasomeke mshika zamu, na madai yote hapo juu yafutwe, isipokuwa lile la muhtasari. Daktari anasema nirudi kupima baada ya wiki sita. Kikao cha feni ni wiki mbili baadaye, na wenzangu nimewaomba wanipe nafasi ya mwisho. Naomba majibu yangu yasichelewe, maana safari hii nataka niingie kwa meneja na shati tu.