Springla Nane na Baba Mkwe Mmoja

Leo sina uso, jamani. Naandika nikiwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba, huku Kisongo, nimelowa mpaka soksi.

Baba yake Neema, mchumba wangu, alikuwa anakuja kutoka Moshi kuona binti yake atakaa wapi, ndipo ajibu posa. Mzee ni fundi bomba mstaafu. Basi mimi nikajitia kufunga springla za kumwagilia ukoka. Nane! Mwenyewe! Juzi akaniuliza kwenye simu:

"Umepima presha ya maji? Kwa ndoo na saa, uone inajaa kwa muda gani?"

"Nimepima, baba."

(Sikupima. Nilifungua bomba, nikaona maji yanatoka, nikaridhika.)

Asubuhi nafungua, springla zote nane zinatema mate tu. Hakuna hata moja inayozunguka. Roho juu! Nikaziba sita kwa vipande vya mpira, ili presha itoshe mbili zilizobaki. Kabla sijajaribu, maji yakakatika. Nikaacha koki wazi nisikie yakirudi, kama tunavyofanya wote. Naenda getini, narudi kwenye koki, naenda tena getini. Mara honi!

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Tukae hapa hapa nje, niuone mlima."

Akavuta kiti mpaka katikati ya ukoka. Koki nikaisahau kabisa.

Neema akaleta mtori wa ndizi, mzee akasimama kuombea chakula. Suti ya kanisani, macho kayafumba. Akaanza na ukoo wake, mmoja mmoja. Alipokaribia kwangu nikasikia shiiii... upepo kwenye bomba, maji yanarudi. Mungu wangu! Nikimbie katikati ya sala ya mkwe? Nikafungua jicho moja. Moja ya zile springla mbili iko katikati ya viatu vyake.

"...na umpe kijana huyu hekima..."

Fyaaa! Suti, miwani, mtori, vyote! Na mzee hakukatiza. Aliomba mpaka amina, maji yakimpiga kidevuni. Neema alikuwa anang'ata kitenge asicheke.

Nikakimbia nikafunga. Mzee akafuta miwani taratibu.

"Kijana, ulipima?"

"Hapana, baba."

Akavua koti. "Lete ndoo na saa."

Sasa ndoo iko bombani, mzee kashika saa. Kasema jibu la posa atalitoa ndoo ikijaa. Mimi nimejidai nakuja huku nyuma kuangalia mita.

Naomba asicheke mtu. Nikichungulia, ndoo imefika nusu, na maji yamekatika tena.