Chupa ya Udongo Yenye Jina la Jenifa

Leo nimeumbuliwa nyumbani kwangu mwenyewe. Baba Jenifa, kama unasoma, utalala na mbuzi!

Ilikuwa shukrani ya mtoto wetu Jenifa. Mama mkwe katoka Lalago na kina mama wenzake wa kanisa, wale ambao hata soda ikitoa povu jingi wanaitazama mara mbili. Mara yao ya kwanza kukanyaga kwangu. Nikasema leo wataacha kuniita "yule binti wa mjini".

Akaja pia Mholanzi mmoja anayefanya kazi ya pamba na mume wangu. Mkononi ana chupa ndefu ya udongo, imeandikwa Jenever. Machozi yakanilenga! (Jina kalikosea, lakini wazungu na majina ya watu, tuwasamehe tu.)

"Hii ya Jenifa?"

"Ndiyo, ndiyo, jenever!" Meno yote nje.

Nikainusa, wapi. (Nina mafua tangu juzi.) Nikajua ni sharubati ya kwao. Nikawamiminia kina mama kwenye vikombe vya kahawa. Mholanzi akaniashiria nijaze mpaka pomoni. Halafu akaweka mikono nyuma, akainamisha kichwa juu ya kikombe chake.

Si tukajua anaomba! Wote tukainama. Mama mkwe akaongoza sala, ndefu, akamwombea mpaka Mholanzi na wazazi wake.

"Amina!"

Wakabugia.

Mmoja akakohoa mpaka kilemba kikadondoka kwenye pilau.

"Gongo! Mama Jenifa katunywesha gongo!"

Baba Jenifa huyo, anatoka uani na mshikaki mkononi. "Hapana, mama zangu. Ni pombe ya Uholanzi, wanatia mbegu za mti unaitwa mreteni. Zamani wazee wao waliinywa kama dawa ya tumbo. Na hawaombi pale, wanainama wafyonze kwanza isimwagike."

Yaani ALIJUA! Historia nzima anayo, mkewe hakumdokeza hata neno!

Nikatamani jamvi linimeze. Mama mkwe akanitazama, akakitazama kikombe.

"Mayu, kasema dawa ya tumbo?" (Mayu, yaani mama kwa Kisukuma.)

"Ndiyo, mama."

"Basi usimwage hiyo iliyobaki, mwanangu."

Mwanangu! Akaweka mikono nyuma, akainama. Safari hii hakuna aliyesema amina.

Msinicheke jamani. Chupa imeondoka kwenda Lalago ndani ya kikapu cha mama mkwe, na kina mama wameshaniuliza nitazaa mwingine lini.