Ombi la Namba 42,860,423 Kuhesabiwa Kuwa Shufwa

Kwa Mheshimiwa Meya wa Villa Consuelo,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo. Nasikia vitambulisho vyenu vyote viwili vinaishia na shufwa. Hongereni.

Mimi ni Rosmira Ospina, mke wa Aníbal Londoño, fundi viatu wa mtaa wa kanisani. Tangu ugonjwa huu uingie umeamuru kwamba tarehe za shufwa watoke wenye vitambulisho vinavyoishia na shufwa, na tarehe za witiri watoke wa witiri. Aníbal anaishia na sita. Mimi naishia na tatu. Tuna miaka arobaini ya ndoa, na kila Jumamosi tulikuwa tunakwenda sokoni pamoja, kisha tunakunywa kahawa kwenye benchi la uwanjani. Siku hizi tunapishana mlangoni kama walinzi wa zamu, na yeye peke yake hajui kuchagua parachichi. Naumia, Mheshimiwa. Naomba namba yangu itambuliwe kuwa shufwa, kwa sababu hizi:

1. Ina tarakimu nane, na saba kati yake ni shufwa. Inayoharibu ni ile tatu ya mkiani tu. Wewe ulishinda uchaguzi kwa wingi mdogo kuliko huo, na hakuna anayekuita nusu meya.

2. Ukiiongezea moja inakuwa shufwa. Katika milioni arobaini na mbili na ushee, moja ni kitu gani? Barabara ya mtoni ilipungua kilomita tatu nzima na ofisi yako haikuona.

3. Wifi yangu Fabiola, mwalimu mstaafu wa hesabu, amejaribu kuigawanya kwa tatu, kwa saba, mpaka kwa kumi na tisa. Imegoma. Akaniambia, "Wifi, namba yako ina kichwa kigumu kama wewe." Lakini alinieleza pia kwamba tunahesabu kwa makumi kwa sababu tu tuna vidole kumi. Marehemu baba yangu alikatwa kidole na mashine ya kukoboa kahawa. Kwa mtu wa vidole tisa, anayefunga mafungu yake kwa tisa, namba yangu inaishia na mbili. Fabiola ameipiga hesabu hiyo na kuirudia. Mimi ni mtoto wa baba yangu, naomba nihesabiwe kwa vidole vyake.

4. Padri Eliécer alitutangaza kuwa mwili mmoja. Mwili mmoja hauwezi kuwa shufwa na witiri. Ukisema unaweza, basi ndoa yetu ni batili, na watoto wetu wote, akiwemo karani wako wa masjala, ni wa nje ya ndoa. Hilo utamweleza wewe mwenyewe.

Nilimpa hoja hizi askari wa mlango wa soko. Akanijibu, "Mama Rosmira, tatu ni tatu. Rudi nyumbani, unanizibia foleni." Hata hakunitazama usoni.

Msalimie mama mkwe wako, na karani wa masjala umwambie ale vizuri.

Wako mtiifu, kwa tarehe nilizoruhusiwa,
Rosmira Ospina de Londoño

Nyongeza: Nimemsomea Aníbal barua hii kabla ya kuifunga. Akasema, "Mke wangu, yangu ilishafika kwa Meya juzi. Nimeomba sita yangu iwe witiri." Kwa hiyo, Mheshimiwa, kama umeshamkubalia, yote niliyoandika hapo juu ni upuuzi mtupu: tatu ni witiri, na mimi ni witiri mpaka kaburini. Chondechonde, usije ukatukubalia wote wawili.