Shangazi Katika Kamati ya Urithi

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa idara katangaza: Kamati ya Urithi na Jamii itapata mwenyekiti Alhamisi. Wagombea ni wawili. Mimi, na mhadhiri mwenzangu tunayemwita Miwani. Anazo mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kudharau watu.

Mwenyekiti atapewa ofisi yenye dirisha. Mimi nimebanana na mashine ya kudurufu, na wanaobisha hodi huja kuitafuta hiyo. Nalitaka lile dirisha!

Wapiga kura ni wanajamii watano wa mtaa wa nyuma ya chuo. Mkuu akauliza nani atawatafuta. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Mtaa huo anaishi shangazi.

Jumanne, 4 Machi
Kwa shangazi, aliyenilea. Nimemweleza kwamba mkuu hapendi mambo ya kujuana, kwa hiyo mbele ya watu ajifanye hanijui kabisa. Akauliza kama kutakuwa na chai. Ipo. Ya maziwa? Nikaapa. Basi, akasema, kura yake ninayo, na atakuja na majirani wanne. Hao hata mlango hawafungui bila kumuuliza yeye.

Miwani alipita mtaa huohuo akisikiliza kumbukumbu za watu tangu asubuhi. Maskini! Jasho lote lile.

Alhamisi, 6 Machi
Afadhali ningeumwa.

Wageni wakaingia, shangazi mbele, kavaa nguo ya harusi. Mkuu akaamkia. Miwani akaamkia, akainama mpaka miwani ya kichwani ikadondoka. Zamu yangu. Nikakumbuka mkakati. Nikampa mkono, mmoja tu, nikasema habari za leo, mwanajamii.

Shangazi akanitazama kuanzia viatu. Akauliza tangu lini yeye ni mwanajamii kwangu. Nikamkonyeza. Akauliza jicho lina nini. Kisha akaugeukia ukumbi mzima: huyu mnayemwona, kamasi zake nimezifuta mimi, surua yake nimeiuguza mimi, na leo kapata kazi ya chuo, shikamoo imemshinda!

Nikamnong'oneza kwamba tulikubaliana hatujuani. Akajibu kwa sauti ya kuita mbuzi: kutojuana tulikubaliana, kutoamkiana hatukukubaliana! Hata mpita njia humwamkia mtu mzima!

Mkuu akaandika kitu. Ikaletwa chai, ya rangi. Maziwa nilisahau.

Majirani walimtazama shangazi kwanza, ndipo wakainua mikono. Wote kwa Miwani. Mmoja aliinua yote miwili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani kahamia dirishani. Mradi wake wa kwanza unahusu maamkizi kama urithi hai. Mshauri mkuu: shangazi. Mimi nimepangiwa kukaa mbele ya wanafunzi kama mfano wa urithi uliopotea. Nilikataa. Mkuu akasema hakuwa anauliza.

Jioni nikaenda kuomba radhi. Nilianza shikamoo getini, nikaendelea nayo mpaka jikoni. Aliitikia ya tatu. Akanipakulia, akanisukumia mnofu mkubwa kama zamani. Akasema, bila kunitazama, kwamba mkono wake ungekuwa wa kwanza kuinuka, maziwa au bila maziwa. Alichotaka ni nimwamkie tu mbele ya wale wasomi, wajue kalea mtu.

Nimeona aibu, aibu ya kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelala nimeamka, akili imetulia. Sasa nimeliona kosa langu. Nilimchukua ndugu anayenipenda! Mapenzi huharibu mipango.

Jumatano wanachagua katibu wa kamati. Katibu hapati dirisha, lakini meza yake iko karibu nalo. Kura ni za wanajamii walewale, ila wanaongeza mmoja, na mkuu kauliza nani atamtafuta. Mkono wangu, juu!

Namleta mama mkwe. Huyo kujifanya hanijui hahitaji mazoezi. Hiyo kazi anaifanya tangu siku ya harusi.