Saluni Yenye Nyimbo Zote za Dunia

Jumatatu, 2 Juni

Siku kubwa! Nimempatia kaka dawa yake.

Kaka yangu ana saluni ya kunyoa ng'ambo ya barabara, mlango wake unatazamana na wangu. Ndiye aliyenifundisha kushika mashine, na mpaka leo hajanisamehe kwa kuacha kazi kwake nikafungua saluni yangu. Asubuhi amevuka akasema mtaa huu hautoshi vinyozi wawili wa tumbo moja. Jumamosi bwana harusi mmoja anakuja kunyolewa na wapambe wake wote. Atakayempata, abaki. Atakayemkosa, afunge duka akawe msaidizi wa mwenzake. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mke wangu alipopata habari aliweka sufuria chini. Ana wasiwasi. Mimi sina hata kidogo!

Huyo bwana harusi ni mgonjwa wa muziki. Sasa kaka ananunua nyimbo mtandaoni, moja moja, anazipakua na kuzitia kwenye flashi. Anasema ukinunua kitu, ni chako. Hongera zake. Mimi najiunga na huduma ya kusikiliza mtandaoni. Nyimbo zote za dunia, mwezi wa kwanza bure! Mke wangu akauliza, na mwezi ukiisha? Nikamwomba mambo ya biashara aniachie mwenyewe.

Jumanne, 3 Juni

Kikwazo kidogo. Huduma imenikataa. Eti mwezi wangu wa bure nilishautumia mwaka jana. Kweli, na karibu wote nilikuwa nimelala.

Akili ikafanya kazi. Mama mkwe! Tunaishi naye, na simu yake haijawahi kufanya lolote zaidi ya kupiga na kupokea. Nimefungua akaunti kwa jina lake. Kakubali kwa sharti moja tu, kwamba na yeye awekewe muziki kwenye simu yake. Nikamwekea. Mama wa watu, atabonyeza nini?

Jumatano, 4 Juni

Ushindi! Saluni imejaa. Mteja akitaja wimbo, hajafunga mdomo, spika inaimba. Mzee mmoja alitaja wimbo wa ujana wake, nikampatia, akataka kunyolewa ndevu ambazo hana. Kaka alivuka kuazima spiriti. Spiriti gani! Alikuja kusikiliza. Akauliza mtandao ukikatika nitafanyaje. Nilicheka mpaka nikamkwangua mteja sikio.

Jioni bwana harusi mwenyewe kapita. Anataka Jumamosi anyolewe huku ukipigwa wimbo aliomtongozea mchumba wake. Nikampigia papo hapo. Machozi yakamlengalenga! Kisha akavuka kwa kaka, naye kaka hakuwa nao. Nilimwona kwa macho yangu akiinama kwenye simu, akiununua. Pole, kaka. Umechelewa!

Alhamisi, 5 Juni

Jambo la ajabu. Katikati ya kazi muziki ukakatika, spika ikaanza kuwahimiza wateja wangu wainue goti la kushoto, taratibu, wavute pumzi. Mazoezi ya wazee! Wawili waliinua kweli.

Nikakimbia nyumbani. Mama mkwe kakaa kitandani, amenuna. Analalamika simu nimeiharibu: anabonyeza na kubonyeza, haitoi sauti. Hapo nikaelewa. Akaunti ni moja, na spika ya saluni imeunganishwa nayo. Anabonyeza yeye huku, inaimba kule!

Kumweleza yote hayo ni kazi ya siku nzima. Nikamwambia simu imechoka, ipumzike mpaka Jumapili. Akasema sawa, mwanangu. Mambo yamekwisha. Najipenda nikiwa hivi.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika kama yalivyotokea.

Walikuja kwangu! Wote! Bwana harusi kakaa kitini, wapambe wamejaa benchi, wimbo wake unapigwa, yeye kafumba macho anatabasamu. Nikaanza upande wa kulia. Upande wa kulia ulitoka safi sana, hilo lazima niliandike.

Ndipo ikaingia kwaya ya mazishi.

Mama mkwe alipata wageni. Akataka kuwaonyesha kwamba mkwe wake kamnunulia muziki. Simu ikawa haitoi sauti, basi akaongeza. Haisikiki bado, akaongeza tena. Kwangu kuta zinatikisika, kwaya inamuaga marehemu, mpambe mmoja aliyemzika baba yake juzi anabubujikwa na machozi. Nikapiga simu kwa mama mkwe. Hakupokea. Nikaruka nikachomoa waya wa spika. Kumbe nimechomoa wa mashine! Mashine ikafa kichwani mwa bwana harusi. Spika ina betri yake, ikaendelea kuaga.

Ng'ambo ya barabara kaka akafungua dirisha. Ule wimbo alionunua ukasikika, wote, mwanzo hadi mwisho.

Bwana harusi akasimama, shuka bado shingoni, nusu kichwa msitu. Aliniambia kwa upole, "Fundi, mimi leo naoa." Akavuka. Wapambe wakamfuata, na yule anayelia nyuma yao.

Nililia na mimi. Mke wangu alikuja tukafunga mlango pamoja.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya kwanza kwa kaka. Nafagia nywele. Sikutegemea, lakini hakunicheka. Kanipa kiti cha pembeni, kile kile nilichojifunzia, akasema, "Mdogo wangu, nunua wimbo mmoja mmoja. Polepole utakuwa na vitu vyako." Maneno mazuri. Yamenigusa sana, nimeyafikiria mpaka saa ya chakula.

Somo nimelipata: mama mkwe haaminiki.

Kwa hiyo nimempata mwingine! Shemeji, mke wa kaka. Mtu mkimya, muziki haupendi kabisa. Nyimbo zote za dunia, mwezi mzima bure, na kaka atashtukia saluni yake imechangamka! Kakubali mara moja, bila maswali. Ameomba tu na yeye nimwekee kwenye simu yake.