Chupa ya Maji ya Jirani

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba kimya. Mke wangu kahamia kwa mama yake na mtoto wetu mchanga. Kosa langu? Sina! Muuguzi wa kliniki kamwambia kwamba shimo la maji taka likiwa karibu na kisima, nitreti hupenya ardhini hadi majini, na maziwa ya kopo yakikorogwa kwa maji hayo, damu ya mtoto huharibika. Mke wangu kapiga simu, kasema harudi mpaka maji yetu yapimwe. Mama mkwe kampokonya simu ili asisitize. Yule mama hakosi la kusisitiza.

Jumanne, 4 Machi
Mpimaji wa maji kaja. Mama mkavu, hacheki. Kaacha chupa safi, niijaze asubuhi kutoka kisimani kwangu. Kwangu! Mimi si mjinga. Shimo nilichimba mwenyewe bila fundi, nikalisogeza hadi ukutani kwa jirani ili harufu imkute yeye. Hata hivyo, nimemkumbuka mwanangu vibaya mno, siwezi kubahatisha.

Jirani namwita Bwana Usafi. Anaosha gari kila siku, anaosha hata lango. Kisima chake kina vigae! Wazo limenijia. Nitalala usingizi mnono.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwa Bwana Usafi kuazima ngazi. Ngazi ya nini? Sijui. Alipoingia stoo kuitafuta, nikateka maji yake chapuchapu, nikajaza chupa, nikaibana kwapani. Baridi hiyo! Kaniuliza mbona nimebana mkono. Nikasema jipu. Kanipa pole, dawa ya kupaka, na ngazi. Nimebeba vyote kwa mkono mmoja, yeye kasimama ananitazama.

Mpimaji kaja kuichukua chupa. Mimi nimefua mapazia. Mke wangu aje akute nyumba inameremeta.

Ijumaa, 7 Machi
Kimenuka! Mpimaji kaleta majibu wakati Bwana Usafi yuko langoni kwangu anadai ngazi yake. Nitreti zimepita kiwango, tena mara dufu. Hayafai kwa mtoto mchanga. Hasira zikanipanda. Nikafoka kwamba haiwezekani, vipimo vyao vibovu, maji haya yametoka kwa huyu hapa, nikamnyooshea Bwana Usafi kidole.

Mdomo wangu huu! Bwana Usafi kaniuliza jipu linaendeleaje. Mpimaji kafungua mkoba, katoa chupa mbili tupu. Kateka maji upya kwa mkono wake mwenyewe, visima vyote viwili.

Jumatatu, 10 Machi
Maji yangu safi! Safi kabisa, tangu mwanzo! Ya Bwana Usafi ndiyo mabaya. Mpimaji kaeleza kwamba ardhi inateremkia kwake, na uchafu wote unatoka kwenye shimo langu. Nimerukaruka kwa furaha. Nimeruka peke yangu. Bwana Usafi kanitolea maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Mpimaji kaniagiza nilifukie shimo na nichimbe jingine mbali na ukuta ule, tena nitafute fundi anionyeshe mahali. Nimemwitikia vizuri tu. Mke wangu kwenye simu kafurahi hadi kalia: Jumamosi anarudi. Habari za shimo sikumtajia. Ana mengi kichwani, maskini.

Ijumaa, 14 Machi
Mikono imejaa malengelenge, lakini shimo limekamilika na bomba limeunganishwa! Fundi wa nini? Niliambiwa mbali na ukuta wa jirani, na mbali zaidi ya hapa labda sebuleni. Ni upande wa pili kabisa wa uwanja, penye udongo laini wenye unyevu, jembe linazama lenyewe. Kiu ikinishika, sikuhitaji hata kutoka shimoni: nilinyoosha mkono tu, ndoo ya kisima hii hapa. Bwana Usafi kachungulia juu ya ukuta, katazama shimo, katazama kisima, karudi ndani kwake. Nimemkomesha!

Karatasi ya majibu nimeibandika kwenye mfuniko wa kisima, aisome kila mtu, mama mkwe hasa. Mke wangu na mtoto wanafika kesho asubuhi. Maji ya kukorogea maziwa nitayateka papo hapo wakifika.