Bandeji ya Tarehe Nane Machi

Jumatatu, 2 Machi

Mungu asifiwe kwa televisheni! Binti yangu Divine, miaka tisa, hakosi kipindi cha watoto cha mapishi. Jana alitupikia sombe, majani ya muhogo, alilojifunza humo. Nikalamba sahani. Leo simu imeita: amechaguliwa! Jumapili, Siku ya Wanawake, watoto watawaamuru baba zao wapike, moja kwa moja hewani. Baba zao. Mimi! Sijawahi kushika mwiko. Divine ameniomba neno moja tu, tupike pamoja. Nimeapa.

Jirani yetu Lambert alipika humo mwaka jana. Mtaa mzima wa Saio unamwita Chef mpaka leo. Na anavyoitika sasa!

Jumatano, 4 Machi

Nimejaribu ugali kwa siri. Mabonge matupu. Kuku alidonoa mara moja, akaenda zake.

Lakini nimepata mpango. Bandeji! Mkono umeteguka, Divine anapika, mimi natabasamu na kutoa maelezo. Hakuna wa kuaibika. Nashukuru kwa akili niliyopewa.

Ijumaa, 6 Machi

Habari zimeenea. Kanisa limeniombea. Majirani nao: Mama Emerance kaleta kuku wa kukaanga, Gaspard kaleta ndizi. Watu wema mno! Nilikula kwa kijiko, mkono wa kushoto, nikimshukuru Mungu kwa kila paja.

Kisha Lambert akamleta mzee Augustin, muunga mifupa. Alinikanda kwa maji ya moto nusu saa nzima. Nilipiga kelele za kweli. Lambert alinishikilia kwa upendo uliozidi.

Divine aliuliza kama Jumapili nitakuwa nimepona. Nikajibu labda. Akazima kipindi chake kikiwa katikati. Roho imeniuma. Kidogo.

Jumapili, 8 Machi

Mke wangu Kahindo alitoka kwenye maandamano ya Siku ya Wanawake na kitenge kipya, akaketi na wenzake kututazama kwenye televisheni. Studioni Divine alipanda kigoda, akaanza kusonga ugali peke yake. Sufuria ikayumba juu ya mbabula, lile jiko la makaa. Nikaruka! Nikaidaka kwa mikono miwili, bandeji ikafunguka na kutumbukia ndani.

Mtangazaji akauliza mkono umeponaje ghafla. Jimbo zima la Ituri linanitazama. Ndipo Divine akapaza sauti kwa furaha: "Papa iko muzima! Papa, geuza!"

Tukaumwaga ule wenye bandeji, tukatia maji na unga mwingine, nikageuza. Jasho, mabonge. Divine alimaliza sahani yake yote, bonge kwa bonge, akaniegemea. Nililia hadharani. Asante, mwanangu.

Jumatatu, 9 Machi

Kahindo amenisamehe. Hata Lambert amekuja kunipa mkono, ila aliuliza kwanza anishike upi. Studio wameniomba nirudi Jumapili ijayo, tukaange samaki. Divine anaimba tangu alfajiri. Namshukuru Mungu kwa mtoto huyu, na kwa somo kubwa nililopata. Uongo basi!

Nimeanza kukohoa asubuhi hii, ili Jumapili isionekane ni jambo la ghafla.